Maisha ya Henry Maudslay, Fundi wa Parafujo

Mwalimu anayefundisha desimali katika shule ya msingi hukutana na tatizo ambalo vitabu vya kiada havilitaji sana. Wanafunzi hujifunza kuandika 0.1, kisha 0.01, kisha 0.001, nao huziandika vizuri ubaoni. Lakini akiwauliza ni nani duniani anayehitaji kujua sehemu ya mia ya milimita, wote hunyamaza, na mara nyingi mwalimu mwenyewe hunyamaza pamoja nao. Tumeonelea vema basi tueleze hapa maisha ya mtu aliyeihitaji sana hesabu hiyo. Mtu huyo aliingia kazini akiwa na umri wa miaka 12, umri wa mtoto ambaye nyinyi mtamkuta darasani. Katika kueleza maisha yake hatutaweza kukwepa mambo kadha ya ufundi: jinsi parafujo inavyosogeza kitu, na jinsi mafundi wa leo wanavyochagua mota na visukumio vya mashine zinazosogea kwa mihimili miwili au mitatu.

Henry Maudslay alizaliwa tarehe 22 Agosti, 1771, huko Woolwich, kando ya mto Thames, si mbali na London. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu jeshini. Alijeruhiwa vitani, ndipo akapewa kazi ya kutunza ghala katika karakana kubwa ya silaha ya serikali iliyokuwa hapo hapo Woolwich. Alifariki mwaka 1780, akamwacha mjane na watoto, Henry akiwa bado mdogo. Ilipofika miaka 12, kijana huyo alipelekwa kwenye karakana ile ile kujaza baruti katika risasi. Miaka miwili baadaye alihamishiwa kwa maseremala, lakini macho yake yalikuwa kwa wahunzi, waliokuwa wakifanya kazi jirani. Alipotimiza miaka 15 alikubaliwa huko. Katika muda mfupi sifa zake zilienea, kwani tupa mikononi mwake ilikata chuma kikawa bapa kuliko walivyoweza watu wazima.

Sifa hizo zilimfikia Joseph Bramah, mtengenezaji wa makufuli mjini London. Mwaka 1784 Bramah alikuwa amepata hataza ya kufuli jipya ambalo mwizi asingeweza kulifungua kwa waya, lakini alitatizwa na jambo moja: vipande vyake vilikuwa vidogo na vilidai usahihi mkubwa, hata kila kufuli likachukua siku nyingi na kugharimu fedha nyingi. Maudslay alipoitwa mwaka 1789, Bramah alishangaa kuona kijana wa miaka 18. Wasiwasi wake haukuwa wa umri tu. Kijana huyo hakuwa amemaliza ile miaka saba ya uanagenzi iliyotakiwa na desturi ya mafundi wa London, na yamkini wenzake karakanani wangemkataa. Inasimuliwa kwamba Maudslay aliona mezani jiliwa moja lililochakaa meno, akaomba aachiwe alitengeneze kabla ya saa ya kufunga kazi. Alilivua taya zake, akalitia chuma cha pua kipya, akakichonga kwa tupa na kukitia ugumu kwa moto na maji, na saa ilipotimia jiliwa lilikuwa jema kuliko mengine yote pale. Hapakuwa na aliyedai cheti tena.

Mwaka 1790 kufuli moja la aina hiyo liliwekwa katika dirisha la duka la Bramah, pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa hapo miaka zaidi ya 60. Mwaka 1851 Mmarekani aitwaye Alfred Hobbs alilifungua, naye alihitaji saa 51 zilizotapakaa katika siku 16. Wasimulizi wengi huishia hapo kwa sababu kisa kinapendeza. Sisi tunaona kwamba lililo muhimu zaidi ni lile lililofichika nyuma ya duka: Maudslay alibuni mashine ndogo ndogo za kukatia vipande vya kufuli, hata kazi iliyokuwa ikitegemea jicho na mkono wa fundi mmoja ikaweza kurudiwa mara nyingi kwa vipimo vile vile.

Jambo la pili alilolifanya kwa Bramah ladai tusimame kidogo. Mwaka 1795 Bramah alipata hataza ya mtambo wa kushindilia vitu kwa nguvu ya maji. Kanuni yake ilikuwa imejulikana tangu zamani za Pascal: ukisukuma maji kwa pistoni ndogo, nayo yakasukuma pistoni kubwa, nguvu huongezeka kwa kadiri pistoni ya pili inavyoizidi ya kwanza kwa eneo, ingawa mwendo wake hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Shida ilikuwa maji kuvuja pembeni mwa pistoni. Ukikaza sana kizibo, pistoni hairudi. Ukikilegeza, maji hutoka. Inaaminika kwamba Maudslay ndiye aliyetoa shauri la kutumia ngozi iliyofinyangwa mfano wa kikombe. Maji yanaposhinikizwa huitanua ngozi ikabana ukuta, na yanapopoa nguvu ngozi hunywea ikaiachia pistoni. Kwa hiyo nguvu inayotaka kuvujisha maji ndiyo hiyo hiyo inayoziba njia. Mwalimu anaweza kuonyesha kanuni ya mtambo huu kwa bomba mbili za sindano zisizo na sindano, moja nyembamba na moja nene, zilizounganishwa kwa mpira uliojaa maji. Mtoto mdogo akisukuma ile nyembamba atamshinda mwenziwe mkubwa aliyeshika nene, na darasa zima litataka kujaribu.

Maudslay alimwoa Sarah Tindel, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Bramah, mwaka 1791, wakajaliwa watoto wanne wa kiume. Kufikia mwaka 1797 yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa karakana yote, naye alilipwa shilingi 30 kwa wiki. Aliomba nyongeza kwa kuwa familia imekua, akakataliwa. Aliondoka, akafungua kibanda chake mwenyewe katika mtaa wa Wells mjini London. Yafaa kusema wazi kwamba Bramah, aliyekuwa na akili nyingi za ubunifu, alipoteza kwa shilingi chache fundi bora kuliko wote aliopata kuwa nao.

Sasa tufike kwenye parafujo. Katika zama hizo, fundi wa kukereza aliushika mkononi ukamba wa chuma uliochongoka, akauegemeza kwenye kigingi na kuukaribiza kwenye chuma kinachozunguka. Ndivyo walivyokerezwa hata matendegu ya vitanda katika pwani yetu. Kwa mti njia hiyo yafaa, lakini kwa chuma mkono huchoka, hutetemeka na kusukumwa. Parafujo ndizo zilizoteseka zaidi. Kila nati ilitengenezwa kwa ajili ya parafujo yake moja, zikatiwa alama ili zisipotezane, maana nati ya parafujo hii haikuingia katika ile. Fundi akifungua mashine na kuzichanganya, alikuwa na kazi ya siku nzima ya kuzioanisha.

Katika miaka ya 1797 hadi 1800 Maudslay alitengeneza mashine ya kukerezea ya chuma kitupu ambamo mkono uliondolewa kwenye kisu. Kisu kilifungwa katika kigari kinachoteleza juu ya reli zilizonyooka. Kigari kilishikwa na nati, na katika nati ilipita parafujo ndefu. Parafujo hiyo iliunganishwa kwa magurudumu ya meno na kile chuma kinachokerezwa, hata kimoja kisiweze kuzunguka bila kingine. Chuma kikizunguka mara moja, kigari husogea hatua ile ile kila mara, na kisu huacha hesi zilizo sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Tena, kwa kubadili magurudumu ya meno, parafujo moja iliweza kuzaa nyingi. Ikiwa chuma kinazunguka mara mbili wakati parafujo kuu inazunguka mara moja, hesi zitakazokatwa zitakuwa na nafasi nusu ya zile za parafujo kuu.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, parafujo kuu ya kwanza ilitoka wapi, ikiwa nzuri huzaliwa na nzuri? Swali hilo ni zuri, mwalimu asilipite. Maudslay alichukua fimbo ya mviringo ya kitu laini, kama vile mti au bati, akaikabili na kisu kilichoinamishwa kwa pembe iliyopimwa. Fimbo ilipozungushwa, kisu kilijivuta chenyewe kando kando na kuchora mstari wa kuzunguka. Katika parafujo nyingi alizozipata hivyo alichagua iliyo bora, akaitumia kukatia nyingine, akasahihisha, akakata tena. Usahihi haukushuka kwa siku moja.

Hapa twapenda kutahadharisha. Vitabu vingi husema Maudslay ndiye aliyevumbua mashine hii. Hiyo si haki kwa waliomtangulia. Jacques de Vaucanson wa Ufaransa alikuwa na mashine ya kukerezea yenye kigari kinachoteleza, na Jesse Ramsden wa London alikuwa amekata parafujo kwa mashine kabla yake. Alichofanya Maudslay ni kukusanya parafujo kuu, kigari na magurudumu ya kubadilisha katika mashine moja imara, iliyofaa kwa kazi ya kila siku na ambayo mafundi wengine waliiga.

Somo hili laweza kufundishwa kwa bolti moja na nati yake. Chukueni bolti ya milimita 8, ile ya kawaida madukani. Zungusheni nati mara kumi kamili, mpime imesogea kiasi gani: mtaona milimita 12 na nusu hivi. Gawanyeni kwa kumi, mpate 1.25, ndiyo nafasi ya hesi moja. Kisha bandikeni kwenye nati duara la karatasi ngumu lililogawanywa sehemu 25 sawasawa. Kila sehemu moja ni mwendo wa milimita 0.05. Mtoto anayegeuza duara hilo kwa alama moja amesogeza chuma kwa umbali usioonekana kwa macho, na ameujua umbali huo kwa hakika. Tumeona darasa lililokuwa limelala kwa desimali likiamka kwa bolti moja.

Maudslay alifanya jambo hilo hilo kwa ukamilifu mkubwa zaidi. Alitengeneza kipimo cha mezani ambacho parafujo yake ilikuwa na hesi 100 katika inchi moja, na gurudumu lake limegawanywa sehemu 100. Kwa hiyo alama moja ilikuwa sehemu 1 kwa 10,000 ya inchi. Mafundi wake walipobishana juu ya kipande, walikipeleka kwenye kipimo hicho, wakakipachika jina la Lord Chancellor, yaani mkuu wa mahakama, kwa kuwa hukumu yake haikuwa na rufani.

Kigari cha Maudslay chasogea kandokando ya chuma, na juu yake kisu chaweza kusogezwa kuelekea chuma au kurudi nyuma. Hiyo ni mihimili miwili iliyokutana kwa pembe mraba, kama ile ya x na y tunayochora ubaoni. Mashine za viwandani za leo huongeza wa tatu, wa kupanda na kushuka, na badala ya mkono zina mota ya umeme kwa kila mhimili, zikiongozwa na kompyuta. Mwalimu akiulizwa jinsi mota hizo zinavyochaguliwa, asiogope. Maswali ya fundi ni ya kawaida kabisa. Mzigo una uzito gani? Unakwenda umbali gani, kwa kasi gani? Usimame kwa usahihi wa kiasi gani? Na umeme ukikatika ghafla, itakuwaje?

Swali la uzito lina mtego. Mhimili wa chini humbeba wa juu pamoja na mota yake, kama mama aliyembeba mtoto aliyeshika kikapu. Kwa hiyo mota ya chini huwa kubwa zaidi, na ukiongeza uzito wa ile ya juu umeiongezea kazi ya chini pia. Umbali nao una lake: parafujo ndefu na nyembamba ikizungushwa kwa kasi hupinda na kuyumba kama kamba ya kurukia, na ndiyo maana kwa safari ndefu mafundi hupendelea mkanda wenye meno au reli ya meno. Kwa nguvu nyingi sana hurudi kwenye maji ya Bramah, ila siku hizi hutumia mafuta. Bapa la tingatinga huinuliwa hivyo. Silinda ya hewa ni rahisi na hukimbia upesi, lakini yafaa pale kitu kinapokwenda mwisho hadi mwisho tu. Kuisimamisha katikati ni shida, maana hewa hubonyea.

Kuhusu mota zenyewe, kuna inayoitwa mota ya hatua. Ya kawaida huzunguka mara moja kwa hatua 200. Ikifungwa kwenye parafujo yenye nafasi ya milimita 5, kila hatua ni milimita 0.025. Ni ya bei nafuu, lakini huhesabu hatua bila kutazama. Mzigo ukiishinda, huruka hatua, na mashine huendelea kana kwamba imefika. Mota ya sevo ina kipimo kinachoieleza daima ipo wapi, nayo hujisahihisha. Ili wanafunzi waelewe, mfungeni mmoja kitambaa machoni, mwambieni atembee hatua 20 mpaka mlangoni. Mwingine aende macho wazi. Darasa litaona lenyewe ni kwa kazi zipi tofauti hiyo inastahili gharama yake.

Swali la umeme kukatika huhusu zaidi mhimili wa wima. Parafujo ya kawaida yenye hesi zisizoinama sana hukwama yenyewe, mzigo ukabaki juu. Jeki ya gari ya parafujo hufanya hivyo. Siku hizi hutumiwa sana parafujo ya gololi, ambayo nati yake imejaa gololi ndogo zinazobingirika. Haipotezi nguvu nyingi kwa msuguano na haina ulegevu mwingi, lakini kwa sababu hiyo hiyo mzigo huweza kuizungusha kinyumenyume na kushuka. Mtu akiichagua bila kuweka breki, siku moja mashine itaangukia kazi, au mkono wa mtu.

Turudi kwa Maudslay. Jeshi la majini la Uingereza lilitumia kapi za mti kwa makumi ya maelfu kila mwaka, kwa maana meli moja kubwa ya vita ilihitaji kapi zipatazo 1,000. Mhandisi Marc Isambard Brunel alibuni mashine za kuzitengeneza, na Maudslay ndiye aliyezijenga, zikafungwa katika bandari ya Portsmouth zikiendeshwa kwa mvuke. Kila mashine ilikuwa na kazi yake moja: hii kupasua gogo, hii kutoboa, hii kuchonga ufa, hii kulainisha. Kufikia mwaka 1808 zilitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio na ufundi walifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110. Mwalimu asiifiche hesabu hii ya pili. Watoto waambiwe kwamba mafundi 100 hawakuhitajika tena, waachwe wajadiliane. Sisi hatuoni kwamba sifa za Maudslay zinapungua kwa kusemwa kweli yote.

Mwaka 1810 alihamia Lambeth, penye nafasi kubwa, na huko, pamoja na Joshua Field na wanawe, alijenga injini za mvuke za viwanda na za meli. Baadaye karakana hiyo ndiyo iliyotengeneza ngao ya chuma ambayo Brunel aliitumia kuchimba njia chini ya mto Thames tangu mwaka 1825.

Kwa walimu, hata hivyo, Lambeth yakumbukwa kwa jambo jingine. Maudslay aliweka kwenye meza za mafundi mabamba ya chuma yaliyosawazishwa kabisa, ili kila mmoja apime kazi yake mwenyewe bila kumngoja msimamizi. Aliwahimiza vijana wajue kwanza wanachotaka kukitengeneza kabla ya kushika tupa, na waondoe katika kifaa kila kisicho na kazi. Alikuwa ameacha kupokea wanagenzi wa kulipa, kwa kuwa watoto wa matajiri walimchosha kwa uvivu. James Nasmyth alipokwenda kwake mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 20, hakuombewa kwa fedha. Alionyesha michoro na injini ndogo aliyoiunda mwenyewe, akapokelewa siku zile zile. Wengine waliopita mikononi mwake ni Richard Roberts, Joseph Clement na Joseph Whitworth.

Mapema mwaka 1831, akirejea kutoka kumtazama rafiki yake Ufaransa, Maudslay alishikwa na baridi katika kuvuka bahari. Aliugua wiki chache, akafariki tarehe 14 Februari, 1831. Alizikwa Woolwich alikozaliwa, chini ya kaburi la chuma cha kalibu alilolichora mwenyewe. Miaka kumi baadaye, mwaka 1841, Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa nchi nzima, nacho kikakubaliwa pole pole na viwanda na reli, hata nati iliyokatwa mji mmoja ikaweza kuingia katika bolti iliyokatwa mji mwingine na watu wasiopata kuonana.